Mtoa Habari Namba Kumi na Moja

Mwaka wa kwanza chuoni walimpa fomu:
Mweusi, au Mwenyeji wa Asili. Weka alama moja.
Evarista Lambey akaishika kalamu
kama mtu anayeulizwa
amtoe nani, mama au baba.
Akachora kisanduku cha tatu kwa mkono,
pembe zimekwenda upande,
akakitia alama.
Karani akairudisha: haikujazwa ipasavyo.

Haya alinisimulia juzi tukifunga vitabu,
theluji ya Wisconsin imeziba nusu ya dirisha,
yeye juu ya boksi, miguu haigusi sakafu,
mimi na utepe wa gundi, natafuta ncha yake.

Ofisi yake ilikuwa ngazini,
baina ya ghorofa mbili:
juu Masomo ya Watu Weusi,
chini Masomo ya Wenyeji wa Asili,
idara mbili, bajeti mbili, birika mbili za kahawa.
Miaka ishirini na saba akipanda, akishuka,
huku mgeni, kule shemeji,
na vikao vyote viwili Alhamisi, saa nane.
"Magoti haya," alisema, "ndiyo tasnifu yangu ya pili."
Mimi babu yangu mmoja ni Mmenomini,
mwingine alikuja kwa treni kutoka Mississippi.
Ndiyo maana nilimtafuta mwalimu wa ngazini.

Darasani alianza na Wagarifuna, watu wake,
jinsi Waingereza walivyowachambua kisiwani kama maharage:
huyu mwekundu, abaki;
huyu mweusi, apakiwe melini.
Kisha alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja,
hadi tukaanza kujitazama mikono.

Makala yake ya kwanza ilirudi na sentensi moja:
mtafiti yuko karibu mno na anaowatafiti.
Akaibandika ukutani. Imekuwa rangi ya chai.
Alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake,
ila jarida lilimtaka mpita njia,
asimame nje ya dirisha
ahesabu pumzi kwa saa ya mkononi.

Mtoto wa chini wa meza ulikuwa umekwama.
Nikauvuta kwa teke na kwa kuomba radhi.
Kanda moja. Belize, pwani ya kusini, 1984.
Mtoa habari namba 11. Mwanamke.
Umri: haujulikani.

Mvua juu ya bati.
Muhogo unakunwa kwenye ubao wa vijiwe.
Sauti ya msichana, imenyooshwa kwa rula:
"Je, wewe unajitambua kuwa nani?"
Muhogo unakunwa.
"Je, wewe unajitambua—"
Sauti ya mtu mzima ikamkata, kwa Kigarifuna.
Evarista akanifasiria, macho kwenye theluji:
"Unayeuliza ni wewe, au ni karatasi?"
"Karatasi, bibi."
"Basi iambie ije ikune muhogo."

Watoto wakacheka huko ndani ya kanda, miaka yote ile.
Kisha kitu kikawekwa chini.
Kisha mbao mbili,
moja inakwenda kama mtu aendaye kwake,
nyingine inajikwaa, inasimama,
inanyonya kidole, inaanza tena.
Dakika arubaini.
Hazimo katika kitabu chake chochote.

"Bibi Pascuala," alisema. "Mama wa mama yangu.
Nilimwandika namba. Nilitaka digrii."
Akaomba kalamu, akafuta *haujulikani*,
akaandika: sitini na tisa.
"Nilijua. Keki ya siku yake nilibeba mimi, kichwani,
na icing ilinidondokea shingoni njia nzima."

Mabox yalikuwa na lebo za maktaba mbili, juu na chini.
Nikamwuliza kanda iende wapi.
Alikuwa ameshavaa koti,
anahangaika na kifungo cha mwisho.
Nyuma yake kinasa sauti hatukukizima.
Kanda ilikuwa imekwisha,
kikawa kinazunguka tu, kinakuna hewa.