Vizibo

Kila chupa ninayofungua ina kizibo,
na kila kizibo kinaingia mfukoni mwa aproni.
Asubuhi Papa Deo atavihesabu taratibu
kama mtu anayechambua maharagwe.
Pesa zisipolingana na vizibo, bia ile ni yangu,
hata kama mnywaji alitorokea mlango wa choo.

Hapa Nyawera naitwa Sandra.
Nsimire nimemwacha Cimpunda pamoja na mtoto,
na ufunguo kwa jirani asiyesikia vizuri.

Leo wamekuja wanunuzi wa dhahabu kutoka Kamituga,
tope la barabara bado limeganda kwenye viatu vipya.
Mmoja ananivuta nikae, anauliza
kama na mimi nina bei yangu ukutani.
Nacheka. Kicheko nacho ni sehemu ya mshahara,
ile sehemu ninayolipa mimi.

Saa tano na robo, tone la kwanza juu ya bati.
Muziki haukusikia. Wateja hawakusikia.
Ntakwinja aliganda na sinia mkononi,
Mama Cito wa mishikaki akaacha kupepea makaa,
tukatazama dari, sisi watatu,
kama watu walioitwa kwa majina yao ya nyumbani.

Kwetu mlimani udongo haubishi hodi.
Mwaka juzi ulishuka na nyumba ya akina Birindwa,
ukaacha mafiga, na juu yake sufuria,
na ndani ya sufuria bugali bado wa moto.

“Papa Deo, niruhusu.”
“Toka. Lakini vizibo vyote ni deni lako.”
Na moto ya kupanda Cimpunda wakati wa mvua
ni faranga elfu tano, na dereva
akijua unatoka wapi, huomba na nyongeza.

Wanatuita wanawake wa usiku.
Usiku gani? Usiku wangu uko kule juu,
umefungiwa kwa kufuli, una miaka minne,
unaogopa radi.

Nilibaki. Andika hivyo, nilibaki.
Nikafungua chupa, nikacheka palipotakiwa,
Ntakwinja akafuta meza moja mara sita.

Saa kumi na moja mvua ilichoka.
Vizibo vilizidi pesa kwa kimoja; nililipa.
Nikapanda kwa miguu, viatu mkononi,
na pale kwenye kona ya bomba la maji
nikasimama kuhesabu mapaa kutoka chini
kama anavyohesabu yeye, taratibu,
kidole hewani:

la samawati.
La kutu.
La kutu.
Pengo, lakini lile ni la zamani.
Lenye tairi juu yake.

Lenye tairi juu yake.