Dakika ya Kumi na Moja

Kabati la maabara, lililokuwa la asidi,
sasa lina simu ishirini na tatu.
Asidi iliisha zamani, haikuletwa nyingine;
simu huletwa kila wiki, nami ndiye mletaji.
Nazitoa kwenye soksi, kwenye sidiria za wasichana kupitia kwa matroni,
ndani ya mkate uliotobolewa ukafumbwa tena
(aliyeufumba ule mkate angekuwa fundi mzuri wa mizinga).
Nabandika plasta, naandika jina, nafunga.
Siku za kwanza zinalia humo ndani kama nyenje.
Kisha, moja moja, zinanyamaza.

Hii ilikuwa ya Ndelilio Mmari, dawati la nyuma,
nyeusi, kioo kimepasuka kama udongo wa Kahe wakati wa kiangazi.
Niliikuta chini ya daftari, sekunde zikikimbia.
"Unamrekodi nani?"
"Somo."
Nikasema somo halirekodiwi, somo huandikwa,
sisi tuliandika kwa kalamu moja watu wawili.
Akasema, macho chini, "Mwalimu unafuta ubao haraka."
Darasa likaguna.
Guno lile halikuwa la upande wangu.

Ijumaa akaja mama yake kutoka Kiborloni,
nyuzi za mitumba bado zimemganda mabegani,
akakaa ukingoni mwa kiti kama anayeogopa kukilipia.
Mkuu akasoma Sheria ya Tisa, yote, na mikato yake.
Mvua ya Aprili ikapiga bati, ikaacha ghafla,
mvua ya Moshi haiagi.
"Haya, tusikie hicho anachokiita somo."
Ndelilio akatafuta, akapita nyingi, akafungua ya Januari.

Sauti ikatoka. Nyembamba kuliko yangu,
nikataka kuikana.
Lakini chaki ikakwaruza, nikaijua chaki yangu.
Oksijeni. Hidrojeni. Sawazisha. Mmeelewa? Ndiyooo.
Mmeelewa? Ndiyooo.
Miaka kumi na tisa, na sikujua kwamba sisubiri jibu.
Mama anatikisa kichwa kwa heshima;
haijui hidrojeni, anajua mtoto alikuwa darasani.

Dakika ya kumi na moja mtu anauliza.
Ni Kundaeli, yule aliyeacha shule Machi,
tukamwandika mtoro kwa wino mwekundu.
"Samahani Mwalimu, hiyo mbili imetoka wapi?"
Na yule mtu mwenye sauti nyembamba anamjibu,
"Imetoka kichwani. Wewe utaitoa wapi?"
Kicheko. Darasa zima. Kirefu.
Halafu chaki tena.

Ofisini hakuna aliyeniangalia.
Heri wangeniangalia.
Mkuu akakohoa, akasema sheria ni sheria,
simu ikarudi mkononi mwangu ikiwa na joto kidogo.
Mama akashukuru. Akashukuru!
Akaomba ruhusa awahi meza yake sokoni.
Mlangoni Ndelilio akageuka:
"Ile mbili, Mwalimu, niliielewa niliposikiliza mara ya sita."
Mpaka sasa sijui kama alinipa shukrani au ngumi.

Jioni nimebaki maabara peke yangu.
Sheria ya Tisa iko ukutani, nami bado naiunga mkono,
nusu yake; nimeona wanayoyatazama usiku, msinifundishe.
Lakini nimeacha kabati wazi.
Simu yenye kioo cha Kahe imebakiwa na chaji asilimia nne.
Nimeandika mlinganyo ubaoni, nikaiweka mbili mbele ya hidrojeni,
nikaizungushia duara,
nikaanza kuyaeleza madawati matupu imetoka wapi.
Nilikwama mara mbili.
Ilinichukua ubao mzima.
Mlinzi akapita na tochi, akauliza, "Mwalimu, unaongea na nani?"
Nikashika dasta.
Nikairudisha mahali pake.