Sikudhani

Julai, saa kumi na mbili na robo, Mtoni Kijichi.
Nyuzi kumi na tisa, na Dar nzima imevaa sweta.
Kipupwe kimelala juu ya Mzinga kama shuka
ambayo hakuna mwenye haraka ya kuikunja.
Sisi watano tumesimama topeni, miguu peku,
tunapulizia vidole, tunachekana:
baridi gani hii, ya kukopa,
watu wa Makete wakituona watatuzomea.

Kiongozi wetu anaitwa Sikudhani.
Mama yake alikuwa na miaka arobaini na sita,
ameshagawa hata kanga za uzazi,
ndipo likaja jina.
Kabla ya kamba kufunguliwa hutuambia:
"Jina langu ndilo neno la kwanza
la kila mtu anayeopolewa majini.
Nataka mliseme mkiwa nchi kavu."

Anavuta jaketi okozi langu mabegani.
Likipanda mpaka masikioni, halijafungwa.
Filimbi? Ipige, niisikie.
Nguo kavu zimo kwenye dumu la mfuniko?
Nani kanywa chai, nani kaja na njaa na aibu ya kusema?
Maji yanajaa mpaka saa tatu,
tutapanda nayo, tutageuka kabla hayajageuka.
Kisha anaandika majina yetu kwenye karatasi,
na saa ya kurudi,
anampa Bi Hadhara wa vitumbua:
"Saa nne tusipoonekana, usitusubiri. Piga simu."
Bi Hadhara anaichomeka kifuani, zilipo pesa.

Halafu mto.
Sijui niueleze vipi.
Kafi inaingia bila sauti, inatoka na shanga tatu.
Mikoko imepandisha suruali hadi magotini.
Kulasitara mmoja, shingo ndani ya koti,
anatutazama kama karani wa benki.
Nyuma yetu jiji linaanza kukohoa malori ya bandari,
lakini hapa nasikia tope likipumua,
tup, tup, matundu ya kaa yakijaa maji.
Miaka thelathini na moja nimeishi mji huu
nikiuvuka mto huu darajani,
dirisha limefungwa kwa sababu ya harufu.
Leo nautia kiganja.
Unanishika.

Kondo ndiye aliyesimama.
Alitaka picha ya mdiria,
na kayaki, ambayo haijui mambo ya picha, ikaendelea na safari.
Pwaa!
Kicheko chetu kilikatika katikati,
maana kipupwe cha majini si kile cha nchi kavu:
kilimziba pumzi, tukaona kinywa kikitafuta hewa
na hewa imejaa tele.
"Usiogelee! Elea. Shika kayaki.
Nitazame mimi. Pumua. Tena. Polepole."
Jaketi lilimshika kidevu kama kiganja cha mkunga.
Filimbi moja, tukamzunguka,
wawili huku, wawili kule,
tukampandisha kama samaki mzito asiyetaka kuliwa.

Kwenye kijichanga, ndani ya shati kavu,
kikombe cha tangawizi kikimcheza mikononi,
meno yakienda cherehani, akafungua kinywa:
"Si... si... sikudhani..."

"Abee," akaitika.

Tulicheka mpaka kulasitara akahama.
Kisha Sikudhani akatazama maji, akatazama saa,
akasema tunarudi,
ile kona tuliyoisifia njia nzima haina miguu.
Hakuna aliyebisha, hata mimi,
niliyetoka nyumbani nikiliita jaketi lile pambo la waoga.

Saa nne kasorobo Bi Hadhara alituhesabu
kwa kidole chenye unga wa mchele:
mmoja, wawili, watatu, wanne,
akanyamaza, akainua shingo,
watano.
Ndipo akaitoa karatasi kifuani,
akafungia humo vitumbua sita, cha sita cha Kondo,
na majina yetu, yakilowa mafuta,
yakaanza kung'aa.