Chuma Namba Saba

Chuma nakijua mimi.
Miaka thelathini na moja pale Maweni, nyuma ya kibanda cha makaa,
nimeunga mageti, vitanda, mabomba, mguu wa kiti cha kinyozi,
na nikigonga kiungo kwa nyundo
sikio huniambia kabla ya jicho:
hiki kimeshika, hiki kimedanganya.

Kwa hiyo mtu asinifunze chuma.

Ila hiki cha saba, chembamba, chenye uso wa michirizi kama chanuo,
nilicholipwa pamoja na wenzake ndani ya mfuko uliotoboka
baada ya kuifufua mashine ya nyasi ya uwanja wa gofu,
hiki kinanicheka.
Asubuhi ya kwanza nilichimba shimo la kupanda muhogo;
mpira ukabaki palepale, unanitazama.
Ya pili nikaupiga utosini, ukakimbia chini chini
kama panya aliyemwagiwa maji,
na mtetemo ukapanda vidole, kiwiko, bega,
hadi kwenye jino bovu.

"Kitavunjika hiki," nikasema.
"Hakina kosa," akasema Jumwa.

Jumwa amebeba mifuko ya wageni tangu kidato cha pili;
hesabu yake ya upepo haina karatasi.
Hakunishika mkono, hakunionyesha picha.
Alitoa unga wa muhogo kwenye kikaratasi,
akachora mstari juu ya nyasi, chini ya mivinje.
"Mpira sitaki kuuona. Piga ardhi.
Jeraha lianzie kwenye mstari, liende mbele."

Nikapiga. Jeraha nyuma, shubiri nzima.
Nikapiga. Nyuma.
Nikapiga hadi nyuma ya mstari pakawa kama kuku wameshinda hapo,
na mbele yake nyasi bado zina umande wao.

Ndipo akauliza, bila kucheka:
"Mzee, unakimbia nini?"

Nikasimama na chuma begani.
Nikauona mguu wangu wa kulia
umeng'ang'ania nyuma na uzito wote,
kifua kinavyorudi, shingo inavyokwepa.
Cheche.
Miaka thelathini na moja nimekwepa cheche.
Chuma kikigusa kitu, mwili hurudi nyuma wenyewe,
hauniulizi.
Na kichwa? Kichwa huinuka kabla kazi haijaisha,
kama ninavyofunua kioo cha kuchomea niutazame mshono.

"Hapa hakuna moto," akasema.
"Uzito uhamie kushoto. Mikono itangulie, chuma kifuate.
Na mpira usiuinue wewe;
uso wa chuma umelazwa hivyo kwa kazi hiyo.
Wewe shuka tu."

Akaikunja leso yake, akailaza shubiri moja nyuma ya mpira.
"Ukiigusa, unaifua."
Ukingoni yalisomeka maneno mawili: USIVUTE MGUU.
Yaliyotangulia yalikunjwa ndani.

Niliigusa mara nne,
ya tano nikaizoa pamoja na mchanga.
Ya sita,
sijui niseme nini juu ya ya sita.
Mikono haikusikia kitu.
Mlio mdogo, kama kifuniko kinapokaa kwenye chupa yake,
kisha, baada ya mpira, kipande cha nyasi kikaruka
sawa na ulimi wa kiatu,
na mpira ukawa juu ya mivinje, mdogo, hauna haraka.
Sikio likasema: kimeshika.

Ya saba nikachimba muhogo.
Ya nane pia.

Jioni niliianika kwenye waya, katikati ya ovaroli zangu.
Udongo umetoka, jina lote limefunguka:
NJIA UMEIONA, USIVUTE MGUU.
Umazi akatoka jikoni na mwiko mkononi,
akaisoma, akarudia kuisoma.
"Na hii ni ya nani?"

Nikauhamishia uzito mguu wa kushoto,
kichwa chini,
nikaanza na habari ya mashine ya nyasi.