Mteremko wa Iwambi

Baba alipofariki tuligawana kwa utaratibu:
kaka Gwakisa migomba na nyumba ya Kiwira,
mimi cherehani ya marehemu mama
na kitu kingine ambacho mjumbe hakukiandika.

Nilikijua nikiwa na miaka arobaini na mbili,
zahanati, asubuhi ya ukungu,
mkanda ukinikaba mkono kama mdai.
Juu mia na sabini, chini mia na tano.
Mapigo mia na kumi na nane,
na nilikuwa nimekaa tu.

“Kwenu nani alikuwa na presha?”
Nikaanza: baba. Shangazi Subilaga.
Babu, aliyeangukia kikapu chake cha chai
tukasema ni mkono wa mtu.
Nesi Tumpale akageuza karatasi, nafasi ilikwisha.

Akampima na Gwakisa, aliyenisindikiza.
Mia na ishirini na nne!
Tumbo moja, pua moja,
hata kucha za vidole gumba.
Ila Gwakisa hulala.
Mvua ya mawe ilipomaliza viazi vyake
alikula, akageukia ukutani, akakoroma.
Mimi simu ikilia saa nne usiku
nimeshazika mtu kabla sijaipokea.

Usiku malori yanashuka kwenda Tunduma.
Breki zinapumua, pshaa, kisha kimya,
nami nahesabu mpaka lifike chini.
Lori lina breki lilizotoka nazo kiwandani.
Mteremko hakuuchonga dereva.
Lingekuwa la kuzunguka Usangu, kwenye tambarare,
breki zile zile zingezeeka
bila mtu kuziuliza habari.

Kidonge kimoja kila asubuhi.
Chumvi nimepunguza.
Ada ya Lusajo sijui inapunguzwaje.

Juzi, kesho yake mtihani wa darasa la nne,
alikuja kitandani kwangu miguu baridi:
“Mama, moyo unagonga.”
Nikaweka sikio.
Ulikuwa unakimbia kweli, kwa mwendo ninaoujua,
mwendo wa Kiwira, wa babu na kikapu chake.
Sikumwambia.
Nikavuta pumzi, nikaishusha taratibu,
gia ndogo, gia ndogo,
kama wanavyoshuka madereva wazee,
mpaka za kwake zikaanza kufuata zangu.
Au zangu zilifuata zake.