Muhuri wa Machi

Mashine niliyoigongea muhuri mwezi wa Machi
siyo hii.

Jina ni lile lile. Nambari ya leseni, ile ile,
na ubavuni kibandiko changu, kimeanza kubanduka pembe moja.

"Inajifunza kila usiku," anasema Hynek wa kampuni,
tai ya mazishi, viatu vya mbio.
"Si kosa hilo, mama. Hata mtoto hukua."

Hukua, ndiyo.
Na akigeuka sura, hupigwa picha mpya ya pasipoti.

Hapa Ostrava migodi imefungwa.
Watalii wanapanda lifti hadi juu ya tanuru, wanakunywa kahawa.
Lakini makaa hayakustaafu:
yamo vifuani mwa wanaume
wanaopumzika kila ngazi ya tatu.

Mzee Kubala ni mmoja wao.
Machi, mashine iliona doa, pafu la kushoto, kubwa kama punje ya dengu.
Oktoba doa limekuwa harage,
mashine ikaandika: *kawaida*.

Asingekuwa Dagmar wa chumba cha eksirei,
aliyeinua picha dirishani kwa mazoea ya kizamani,
mzee angerudi nyumbani kulisha njiwa wake.

Nimesoma kumbukumbu usiku kucha.
Haikuharibika. Hakuna aliyeichezea.
Miezi saba imekaa nasi, ikitazama
kifua cheusi baada ya kifua cheusi,
mpaka ikazoea.

Daktari wa mgodi naye alizoea, enzi za baba:
*wote wanakohoa, basi hakuna mgonjwa.*
Baba alirudi kazini na karatasi hiyo mfukoni.

"Usahihi bado ni asilimia tisini na saba," anasema Hynek.
Namuuliza hao watatu wanakaa mtaa gani.
Anafungua kompyuta. Anaifunga.

Kanuni zina kurasa mia mbili na sita.
Pembeni mwa ukurasa wa arobaini naongeza kwa peni
mstari ambao wanasheria watauchekelea:
*Kila ibadilikapo, na ipige hodi.*

"Saa nane za usiku," anauliza, taratibu, bila kejeli,
"nani atakuwa macho aseme karibu?"

Sijui.
Ofisi yetu ina watu wanne, na mmoja yuko likizo ya uzazi.

Muhuri nimeufungia kwenye mtoto wa meza.
Dagmar ameomba miwani mipya.
Nimesaini hiyo kwanza.