Mshono wa Ndani

Walinipa mkono kabla ya kunipa jina lake.
Mkono wa kushoto, wa mti, vidole vinakunjika,
na mkono wa nguo umeraruka bandarini Mkoani
afisa wa forodha alipotaka kujua ndani mna nini.
Mna mwanamke, wakamwambia. Akafunga sanduku.

Mimi fundi cherehani, Wete, nyuma ya soko.
Sare za skuli, mabuibui, shela mara moja moja.
Hariri ya Japani sijapata kuishika.
Bi Hatsue, mkalimani wao, akakalia gunia la vitambaa
akaniambia ninamshonea nani.

Mwanzo alikuwa kinyago.
Mwanamume alimvaa usoni, akavuka jukwaa
kwa muda wa kuivisha biriani,
maana alikwisha kufa, kilichobaki ni kusimulia.
Wenye vikaragosi wakamtaka.
Wakampa deni, watoto wawili, mume mlevi,
ili wenye maduka walie na wao.
Wakaja waigizaji wa kupaka nyuso rangi,
wakamchukua na mwendo wake wa mti:
mtu wa nyama anaiga ubao
uliokuwa ukiiga mtu.

Nikauliza, pini mdomoni, hakuna aliyeitwa mwizi?
"Mwizi ni anayeirudisha vile vile alivyoichukua."

Bibi yangu, Riziki binti Shaame, naye alikuwa na wake,
mwanamke wa Kojani aliyeuza jina lake
kulipa deni la kaka, akawa haitiki akiitwa.
Mwishowe njiwa, kisimani.
Wacheza kibati wakampa ulimi,
akabishana na mdai kwa kasi ya ngoma
hata mdai akapotewa na hesabu.
Halafu wasichana wa skuli, siku ya wazazi,
wakampa simu na samansi ya mahakama.
Njiwa hata kidogo.
Bibi alikaa mbele. Tukamwuliza.
"Huyo si wangu huyo. Huyo mwanawe.
Pua ndiyo ile ile."

Usiku umeme ukakatika, tukawasha simu.
Watu watatu, weusi gubigubi, mwanamke mmoja:
huyu kichwa na mkono wa kulia, huyu kushoto, huyu miguu.
Kitambo tuliwaona. Kisha hatukuwaona tena.
Msimulizi kando akalia sauti za wote,
kinanda cha nyuzi tatu kikimdonoa.
Hatukujua neno. Ila alipoletewa karatasi
atie kidole, mama mmoja nyuma akapiga ukelele:
"Usitie! Usitie, mwanangu!"
Na ule mkono wa kushoto, naapa, ulisita.

Asubuhi wakifunga sanduku Bi Hatsue akaniambia
kusita kule hakumo.
Mshika mkono ana miaka kumi na tisa kazini, hajawahi.
Sasa anamwomba mkubwa wake kubaki.

Ndani ya mshono, hariri iliponipungukia,
nilitia kipande cha kanga kuukuu ya bibi.
Maneno nimeyakata, limesalia UKIJA,
juu chini.
Hakuna atakayeliona.
Fundo la uzi nimeliacha kubwa kusudi,
limkwaruze mtu kidole.